Nasikia baridi hata kwenye jua la Desemba

Mama Daktari, shikamoo.

Naandika kutoka Newala. Nina miaka 31, nimeolewa, nina watoto wawili, na huyu wa mwisho ana miaka minne na kitu. Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana, maana nikiisoma naona kama barua ya mtu mvivu anayetafuta kisingizio. Leo naituma hivyo hivyo.

Mambo yalianza siku niliyomzaa huyu wa pili. Nilijifungulia kituo cha afya, mtoto akatoka salama akalia, lakini kondo la nyuma halikutoka lote. Damu ikawa inamwagika. Nakumbuka mkunga anaita gari, nakumbuka mume wangu kanishika mguu, baada ya hapo sikumbuki kitu mpaka kesho yake niko hospitali kubwa, naambiwa nimewekewa chupa nne za damu. Nikamshukuru Mungu, nikarudi kwa mama mkwe kukandwa.

Maziwa hayakuja. Sisemi yalikuwa machache, hayakuja kabisa. Matiti yalilala kama ya mtu ambaye hajazaa. Mama mkwe alinipikia uji wa pilipili manga, supu ya kuku wa kienyeji, uji wa karanga, nikanywa mpaka nikawa nakimbia nikisikia mwiko unagonga sufuria. Wapi. Mtoto kalelewa kwa maziwa ya kopo, na hela ya korosho ya mwaka ule iliishia humo.

Siku zangu nazo hazijarudi hadi leo. Mwanzoni nilifurahi, nikajua ni mambo ya uzazi. Sasa ni miaka minne. Mume wangu anataka mtoto wa tatu, vipimo vya mimba nimevipima mpaka muuza duka la dawa ananijua kwa jina. Kuna mtaalamu mmoja aliniambia nimekoma hedhi mapema, nizoee.

Halafu baridi. Huku kwetu juu kuna baridi, kila mtu anajua, kwa hiyo nikijifunika watu wanacheka tu. Lakini Desemba nilishuka Mtwara mjini kwa dada yangu. Watu wanatembea na vitambaa vya kufutia jasho, mimi nimevaa sweta. Dada akanitazama akasema, "Mdogo wangu, wewe si mzima."

Nalala kama gogo na nikiamka nimechoka. Choo kigumu. Ngozi kavu, sauti imekuwa nzito. Nikiinama kuokota korosho nikiinuka naona giza, msimu huu hata mikorosho miwili sikuimaliza. Funga ya Ramadhani inanishinda mwaka wa pili, saa nne asubuhi natetemeka.

La aibu nalisema kwa kuwa hunijui. Nywele za kwapani na za sehemu za siri zimepotea. Sisi huku tumefundwa, mwanamke anajinyoa, na mimi sina cha kunyoa. Somo yangu alipojua alishika mdomo. Hamu ya tendo la ndoa sina kabisa, namkubalia mume wangu ili nyumba isivunjike. Na rangi imefifia, nimekuwa mweupe mweupe, mawifi wanasema napaka mkorogo kwa hela ya kaka yao. Mama Daktari, sijawahi.

Nimetibiwa chango mara mbili. Nimeambiwa nina jini mahaba, limefunga kizazi. Hospitali walipima damu wakasema imepungua kidogo, wakapima tezi ya shingo, karatasi imeandikwa TSH iko kawaida. Virusi vya Ukimwi sina. Mwezi uliopita nilipata malaria, nikatapika siku moja tu nikazimia. Presha ilikuwa chini sana na sukari pia, wakaniwekea dripu ya sukari nikazinduka. Nesi mmoja akasema, "Malaria ya kawaida haimlazi mtu hivi."

Sasa shoga yangu ana ugonjwa wa tezi, anameza vidonge. Dalili zake za zamani na zangu ni zile zile: baridi, usingizi, choo kigumu. Amenigawia vya mwezi mzima. Viko kabatini, sijaanza. Je, nianze? Nina ugonjwa gani? Na nitazaa tena? Maana maneno ya mke wa pili nimeanza kuyasikia kwa majirani.

Mwenye Sweta, Newala

*

Marahaba, mwanangu.

Vile vidonge usivimeze. Hata nusu. Sababu nitakuambia, lakini kama barua hii utaisoma nusu ukaitwa na mtoto, basi uwe umeshalipata hilo.

Barua yako ni ya mgonjwa aliyejieleza vizuri kuliko wengi waliowahi kukaa mbele yangu, na nimekaa mbele ya wengi, Lindi na Mtwara. Umenipa siku ugonjwa ulipoanza, umenipa mpangilio wake, mpaka nywele za kwapani ambazo wagonjwa huzificha. Uvivu hauondoi nywele za kwapani. Jini mahaba nalo sijawahi kusikia kwamba linashusha sukari ya damu.

Kwa uliyoyaeleza, ninachokishuku kwa nguvu ni ugonjwa wa Sheehan. Huyo alikuwa daktari Mwingereza, Harold Sheehan, aliyeandika mwaka 1937 juu ya wanawake waliovuja damu nyingi wakati wa kujifungua, wakapona, halafu wakaanza kufifia kidogo kidogo. Alikuwa mtaalamu wa kuchunguza maiti, na alichokikuta ni tezi moja ndogo chini ya ubongo imekufa, imebaki kovu. Siwezi kukuthibitishia kwa barua. Vipimo vitasema. Lakini mwanamke aliyemwaga damu mpaka akazimia, maziwa yasije, na hedhi isirudi, daktari yeyote akisikia mambo hayo matatu kwa pamoja inapaswa masikio yamsimame.

Tezi hiyo inaitwa pituitari. Ni ndogo kama punje ya mbaazi, uzito wake nusu gramu au zaidi kidogo, imekaa kwenye kishimo cha mfupa nyuma ya pua, na imening'inia kwa kikonyo kama embe kutoka sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi. Tezi ina sehemu mbili, ya mbele na ya nyuma. Ya nyuma ni kama mkia wa ubongo wenyewe, mishipa ya fahamu inashuka moja kwa moja mpaka humo. Ya mbele haina mishipa hiyo. Inapokea amri kwa njia ya damu: haipothalamasi inadondoshea homoni zake, yaani kemikali za kubeba amri, kwenye vishipa vidogo vinavyoshuka na kile kikonyo, na tezi ikizionja inajua itoe nini. Hiyo ya mbele ndiyo ninayoihofia kwako.

Wewe ni mtu wa Newala, habari za maji huhitaji kusimuliwa. Maji ya mradi hayapandi uwanda wa Makonde kwa hiari yake, yanasukumwa na pampu kutoka bondeni mpaka kwenye tangi. Sasa chukua kwamba kuna mkubwa ofisini, kuna msimamizi, kuna pampu, na kuna tangi. Mkubwa anamwagiza msimamizi, msimamizi anaipa pampu amri, tangi linajaa. Likijaa, habari zinarudi juu kwa wote wawili, wanapunguza. Likishuka, msimamizi anapaza sauti, pampu iongeze. Haipothalamasi ndiye mkubwa, pituitari ndiye msimamizi, pampu ni tezi nyingine za mwilini, na tangi ni damu yako.

Ile TSH iliyo kwenye karatasi yako ni sauti ya msimamizi akiiamrisha tezi dundumio, hii ya shingoni. Shoga yako tezi yake yenyewe ndiyo iliyoharibika, yaani pampu. Tangi likikauka kwa sababu ya pampu, msimamizi anapiga kelele, TSH inapanda, na mpimaji anaona. Kwako tangi huenda ni kavu vile vile, ila msimamizi ndiye mgonjwa. Anapaswa kupiga kelele, naye ananong'ona. TSH inasomeka "kawaida", watu wanakwambia nenda nyumbani. Walisikiliza sauti ya msimamizi, tangi hawakulichungulia. Kuchungulia tangi ni kipimo kingine, kinaitwa T4 huru, na hizo mbili zikiwa kwenye karatasi moja ndipo unapoelewa: T4 imeshuka, TSH haijashtuka. Hapo kosa liko juu.

Kosa la namna hiyo hiyo limefanyika kwenye hedhi. Pituitari hutoa homoni mbili za kuamsha ovari, yaani vifuko vya mayai, nazo ni LH na FSH. Mwanamke aliyekoma hedhi kweli, ovari zimechoka, kwa hiyo FSH yake hupanda sana, msimamizi anaita asiitikiwe. Kwako natarajia iwe chini au ya wastani tu. Yule aliyekwambia uzoee alipaswa kupima FSH kwanza, na sioni kwenye barua kama alipima. Nimekasirika kidogo hapo, nisamehe.

Turudi kwenye ile damu. Kwa nini tezi hii ife, na moyo na figo zipone? Wakati wa ujauzito pituitari hunenepa, maana seli za kutengeneza maziwa huongezeka sana, na tezi iliyonenepa inataka damu zaidi. Lakini damu inayoifikia sehemu ya mbele nyingi ni ile iliyokwisha kupita kwenye haipothalamasi, imeshapungua nguvu. Presha ya mwili mzima ikianguka, kama ilivyokuangukia wewe, tezi iko mwisho wa foleni. Inakosa damu, inakufa sehemu kubwa. Zile chupa nne zilikuokoa wewe. Tezi walikuwa wameshachelewa.

Ndiyo maana maziwa hayakuja, na uji wa pilipili manga hauna lawama. Prolaktini, homoni ya maziwa, ina tabia ya peke yake. Nyingine zote haipothalamasi huzisukuma kwa amri ya "toa", hii huizuia. Muda wote inadondosha dopamini kuifunga breki, na mtoto akinyonya breki inaachiwa. Aliwahi kuniandikia msomaji wa Lindi, hana mimba, hana mtoto mchanga, maziwa yanatoka. Kumbe alikuwa anameza kwa wiki nyingi dawa ya kuzuia kutapika, na dawa hiyo huzima dopamini. Alipoacha, yakakauka. Wewe ni kinyume chake: breki iachiwe isiachiwe, gari lenyewe halipo.

Homoni ya ukuaji nayo mara nyingi huondoka mapema. Kwa mtoto ndiyo inayorefusha mifupa, kwa mtu mzima hushikilia misuli na nguvu, na kuikosa huchangia ule uchovu wa shambani. Hilo si la kukimbizana nalo.

La kukimbizana nalo ni kotisoli. Haipothalamasi inatuma amri, pituitari inatoa homoni iitwayo ACTH, na hiyo inaziamsha tezi mbili zilizokaa juu ya figo zitoe kotisoli. Kotisoli ndiyo inayoshika presha na sukari mwili ukipata mshtuko. Mtu mzima wa afya akishikwa na malaria, kotisoli yake hupanda mara kadhaa bila yeye kujua. Yako haikupanda. Ndiyo maana siku moja ya kutapika ikakulaza chini. Mpe salamu zangu yule nesi, aliona kitu. Saa nne asubuhi ya Ramadhani unapotetemeka ni habari hiyo hiyo kwa sauti ndogo.

Na rangi pia. ACTH ina undugu na homoni inayoweka weusi wa ngozi, hutoka kwenye kiwanda kimoja. Zikipungua, ngozi hufifia. Mawifi wako waambie hivyo kama utaona wana masikio. Ila mwanangu, mimi ni daktari, na lazima nikuulize kitu ambacho umeshakijibu: hujapaka mkorogo, hujameza vidonge vya kunenepa, kweli? Sikutuhumu. Nauliza kwa sababu krimu kali za kujichubua na vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kwenye vikaratasi, vingi ndani vina dawa za jamii ya kotisoli. Tangi likijazwa na maji ya kuletwa na boza, mkubwa na msimamizi wote wanalala. Siku mtumiaji akiacha ghafla, hakuna wa kuamka, anaanguka kama ulivyoanguka. Kama ulitumia hata kwa miezi michache, mwambie daktari. Wasichana wengine mnaosoma hapa na kijikopo kiko chini ya kitanda, msiache kwa siku moja, nendeni hospitali mpunguziwe taratibu.

Sasa vidonge vya shoga. Homoni ya tezi dundumio huharakisha mwili mzima, na huufanya uitumie na kuivunja kotisoli upesi zaidi. Mtu mwenye kotisoli ya kutosha haimdhuru. Wewe kotisoli yako, kama ninavyoshuku, ni ya kuungaunga, imekutosha kwa sababu mwili umepoa na unakwenda polepole. Ukiuwasha kwa vidonge vile kabla ya kuijaza kotisoli, unaweza kuanguka na safari hii dripu ya sukari isitoshe. Kwa hiyo kotisoli kwanza, tezi baadaye. Daktari akitaka kukuanzishia dawa ya tezi bila kugusa kotisoli, muulize kwa adabu. Una haki.

Utaniuliza umeishije miaka minne. Tezi zile za juu ya figo zina homoni nyingine, inayotunza chumvi, na hiyo sehemu kubwa haiongozwi na pituitari, inaongozwa na figo. Kwako inafanya kazi. Ndiyo iliyokushikilia.

Vipimo, mwombe daktari hivi: kotisoli ya asubuhi, T4 huru pamoja na TSH, FSH, LH na estrojeni, prolaktini, sodiamu, sukari, na wingi wa damu. Kotisoli hupanda alfajiri na kushuka jioni kwa amri ya haipothalamasi hiyo hiyo, kwa hiyo damu ichukuliwe saa mbili asubuhi au karibu na hapo. Ikichukuliwa saa nane mchana itasomeka ndogo hata kwa mzima, utarudishwa nyumbani na wasiwasi wa bure. Majibu yakiwa chini ya mikrogramu 3 kwa desilita hakuna cha kubishana. Yakizidi 15 shaka inapungua sana. Yakiwa katikati watakuchoma sindano ya ACTH ya kutengenezwa waone kama tezi za figo zinaitika. Picha ya MRI ya kichwa ni nzuri ikipatikana, huonyesha kishimo cha mfupa kikiwa karibu kitupu, lakini matibabu yasisubiri picha.

(Unajua homoni hizi ni kidogo kiasi gani kwenye damu? Wanasayansi wawili, Roger Guillemin na Andrew Schally, walisaga bongo za kondoo na nguruwe kwa malaki ili wapate chembe ya homoni ya haipothalamasi inayoiamsha TSH, wakaijua umbo lake mwaka 1969. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1977 waligawana na Rosalyn Yalow, mama aliyeshiriki kubuni njia ya kupima vitu vidogo hivyo kwenye tone la damu. Nikichoka na kazi hii huwa namkumbuka yule mama.)

Dawa zenyewe si za ajabu. Kotisoli hurudishwa kwa vidonge vya hidrokotisoni, miligramu 15 hadi 25 kwa siku, zaidi asubuhi na kidogo mchana. Kwa kuwa hivyo havipatikani kila duka, madaktari wengi huandika prednisoloni, miligramu 3 hadi 5 kila asubuhi, na hiyo ni rahisi na iko karibu kila mahali. Usijiandikie mwenyewe, nakutajia ili usishtuke dawa ikiwa ndogo na ya bei ndogo. Baada ya hapo ndipo levothairoksini, zile zile za shoga yako, kwa kipimo chako. Na kipimo hicho kirekebishwe kwa kuangalia T4, maana TSH kwako imeshakuwa shahidi wa uongo. Estrojeni na mwenzake projesteroni, homoni za kike zitokazo kwenye ovari, vitafuata, kwa ajili ya mifupa yako na ya chumbani pia.

Ukianza prednisoloni usiiache hata siku moja. Ukipata homa, dozi inaongezwa mara mbili mpaka homa iishe. Ukitapika vidonge, hospitali mara moja, uchomwe sindano ya hidrokotisoni miligramu 100. Andika hayo kwenye kikaratasi, kiweke kwenye pochi ya simu, na mumeo ayajue kwa kichwa. Ramadhani ijayo usifunge kwa kuona umepata nafuu. Kaa na daktari, kisha na shehe wako. Mgonjwa ana ruhusa yake, nawe ulikuwa nayo miaka yote miwili hii bila kujijua.

Mtoto wa tatu. Nitakuambia ukweli wote. Ovari zako kwa ninavyoona ni nzima, mayai yamo. Kinachokosekana ni amri. Haipothalamasi kwa kawaida hutuma amri ya uzazi kwa mapigo, pigo moja kila baada ya saa moja au saa moja na nusu, na pituitari huitika kila pigo. Kwako pigo linapigwa, mlangoni hakuna mtu. Kuna sindano za kuchukua nafasi ya LH na FSH zinazoweza kukomaza yai, na wapo wanawake wa ugonjwa huu waliozaa. Wachache walishika mimba wenyewe, maana tezi haikufa yote. Lakini sindano hizo ni ghali, zinataka bingwa na ultrasaundi za mara kwa mara, kwa watu wa huku maana yake ni Dar es Salaam na kukaa. Na vidonge vya majira ukivinunua dukani vitakuletea damu kila mwezi, utadhani umepona, kumbe yai halitoki. Usimwambie mtu umepona kwa sababu ya damu hiyo. Kwanza upate nguvu mwaka mmoja, halafu lizungumzieni.

Mumeo mwende naye. Alikushika mguu usiku ule, yeye ndiye shahidi wa damu uliyopoteza wakati wewe hukumbuki, na daktari atataka kumsikia. Akisikia kwa masikio yake kwamba hamu yako imekatwa na ugonjwa wenye jina na dawa, hayo maneno ya majirani utaona yanavyokosa pa kukaa. Kama bado ataoa, hilo ni jambo jingine, tutaandikiana. Karatasi ya kuruhusiwa hospitali ya wakati ule kama mnayo, ichukueni. Kama imeliwa na mchwa, mweleze tu.

Anzia hospitali ya wilaya, uombe rufaa ya kwenda kumwona daktari bingwa wa magonjwa ya ndani Mtwara mjini. Usishuke siku hiyo hiyo ya kipimo. Ukipanda gari la alfajiri kutoka Newala utafika jua limeshapanda na kotisoli imeshashuka. Shuka jana yake, lala kwa dada, saa mbili kamili uwe umekaa kwenye benchi la maabara. Vidonge vya shoga yako mrudishie kabla hujasafiri, naye anavihitaji. Na sweta usiliache, muda huu bado ni lako.